Wapangaji wa mashirika wameondoka, wa reli hawatabiriki: dalali wa Kigoma afanyeje?

Ndugu washauri,

Natumaini hamjambo. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja Kigoma mjini, kijiwe changu kipo Mwanga. Kwa miaka mingi riziki yangu kubwa ilitoka kwa watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Mtu anakuja na barua ya ofisi, anataka nyumba nzima yenye fensi na jenereta, bei habishani nayo sana, kodi inalipwa ya mwaka. Mwezi mmoja wa dalali unaingia, maisha yanaenda.

Sasa mambo yamegeuka. Miradi imekatwa, watumishi wamerudi makwao, nyumba kubwa zimekaa tupu. Ukimwambia mwenye nyumba ashushe bei anakujibu SGR, ile reli ya kisasa, inakuja. Kweli watu wa reli wanakuja, lakini leo anataka nyumba tano, kesho hapatikani kwenye simu. Halafu kila kijana mwenye simu siku hizi ni dalali. Nyumba niliyoipiga picha mimi naikuta kwenye status za watu wanne kwa bei nne tofauti. Mteja nikishamwonyesha, anarudi kwa mwenye nyumba kimyakimya, mimi naambulia hela ya bodaboda.

Viwanja ndiyo vina moto. Watu wa Dar wananipigia wanataka vya ufukweni na vya karibu na stesheni mpya, nami naogopa kuuza kitu kitakachonipeleka polisi. Pia kuna rafiki yangu wa Bujumbura mwenye wateja wengi wafanyabiashara, anataka tufungue ofisi pamoja. Nibaki kwenye kazi hii au nitafute nyingine? Kama ni kubaki, nianzie wapi?

Dalali wa Mwanga, Kigoma

Ndugu yetu wa Mwanga,

Baki. Wapangaji hawajaisha Kigoma. Aliyeondoka ni mpangaji wa aina moja, yule anayelipiwa na ofisi, na bei ulizozizoea zilikuwa zake yeye. Nesi wa hospitali ya Maweni, mwalimu au mfanyabiashara wa Kibirizi hulipa kutoka mfukoni, na mfuko huo huo una ada za watoto. Kabla hujatafuta wateja wapya, ijue bei ya leo. Mwenye nyumba ana bei ya mwaka juzi kichwani, na vijana wa status wanabandika wanayoisikia kijiweni.

Nunua daftari la kaunta. Kila nyumba au kiwanja kilichopata mpangaji au mnunuzi, kiwe chako au cha mwenzako, kiandikie mstari mmoja: mtaa, idadi ya vyumba au mita za mraba, maji ya bomba ya KUWASA au kisima, umbali hadi lami, kina hati au hakina, bei iliyotangazwa, bei iliyolipwa, na siku zilizopita tangu kitangazwe. Safu mbili za mwisho ndizo zenye pesa. Bei ya kutangazwa kila mtu anayo. Ya kulipwa anayo aliyekuwepo mezani, kwa hiyo badilishaneni na madalali wenzako unaowaamini. Mistari thelathini hivi inatosha kuanza kuona kitu. Pengo kati ya bei hizo mbili likipanuka, au siku zikirefuka, soko linashuka hata kama hakuna anayekiri.

Kwenye viwanja gawa bei kwa mita za mraba, maana "ploti moja" ya Gungu na "ploti moja" ya Mwandiga zinaweza kupishana ukubwa mara mbili. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kikiuzwa milioni 9 ni shilingi 18,000 kwa mita ya mraba. Cha 30 kwa 40 kikiuzwa milioni 15 ni 12,500. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali. (Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za mtaa wowote.) Ila hiyo ibaki kuwa bei ya soko unayomshauri nayo mteja. Ripoti ya uthamini, ya benki au ya fidia, huandaliwa na mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016. Usiandike karatasi ukaiita hivyo.

Sasa kaa na mwenye nyumba na kalamu. Ukianza na "soko limeshuka, mzee," atakuona umetumwa na mpangaji. Mpigie hesabu ya mwaka. Tuseme anataka 600,000 kwa mwezi. Nyumba ikikaa tupu miezi mitano, miezi saba iliyobaki inampa 4,200,000. Akikubali 450,000 na ikakaa tupu mwezi mmoja, miezi kumi na moja inampa 4,950,000. Ameshusha robo ya bei na mwisho wa mwaka amepata 750,000 zaidi, na hapo hatujahesabu mlinzi wa nyumba tupu, nyasi, mchwa, wala bomba linalopasuka bila mtu wa kuliona. Kila mwezi mmoja mtupu unakula asilimia 8 na kitu ya kodi ya mwaka mzima. Iandike kwenye karatasi umwachie. Akikataa kabisa, iache nyumba hiyo, maana itakula vocha na mafuta yako, na wateja uliowapeleka pale watasema huna nyumba.

Baadhi ya hizo nyumba kubwa hazitapata mpangaji mmoja kwa bei yoyote ya maana. Fensi ndefu, banda la jenereta, chumba cha mlinzi, maegesho ya magari manne: mwalimu halipii hivyo, hasa sasa ambapo Kigoma imeunganishwa na gridi ya Taifa. Mshauri mwenye nyumba aigawe ya vyumba vinne iwe mbili za vyumba viwili. Jiko na choo vya upande mpya viegemee ukuta ambao tayari una bomba upande wa pili, ndipo gharama ya maji inapokuwa ndogo. Kabla ya kupandisha tofali la kugawa, fungua mfuniko wa shimo la maji taka ulione. Shimo lililochimbwa kwa kaya moja likibebeshwa kaya mbili hujaa haraka, na wa kwanza kupigiwa simu utakuwa wewe.

Umeme ndio unaoharibu zaidi. Kila upande uwe na mita yake ya LUKU. Maombi ya mita ya pili hupelekwa TANESCO kupitia NIKONEKT, mfumo wao wa maombi ya mtandaoni, lakini kabla ya hapo fundi mwenye leseni atenganishe nyaya kuanzia meini swichi. Asipofanya hivyo, utakuta uniti za mpangaji wa mbele zinaendesha friji la wa nyuma, na ugomvi huo hausuluhishiki kwa maneno. Kumbuka pia kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba ingawa anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mkataba useme itafidiwa kwenye kodi ya pango. Jengo likiwa na mita mbili, angalia lisije likakatwa mara mbili. Likikatwa, mwenye nyumba apeleke malalamiko na namba za mita zote.

Tuje kwenye reli. Mkataba wa SGR wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na Januari 2025 ukasainiwa wa Uvinza hadi Musongati, Burundi. Wenye nyumba wana sababu ya kutumaini, ila wanachanganya mambo mawili. Ujenzi huleta mjini wapangaji wachache wa muda: wahandisi, wapima, wakandarasi wadogo. Vibarua wengi hulala kambini, na kambi huifuata kazi inakokwenda. Faida ya kudumu ni mizigo, nayo hutua bandarini, Kibirizi na kwenye bandari kavu ya Katosho. Nyumba za kuishi za Bangwe zitaionja kwa mbali.

Kwa hiyo jifunze maghala na fremu. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kalemie au Bujumbura atakuuliza mambo ambayo vijana wa status hawajawahi kuyapima. Lori lenye tela linageuka uani au linarudi kinyumenyume hadi barabarani? Mlango una upana gani? Umeme ni wa fezi moja au tatu? Paa linavuja wapi? Sakafu ina unyevu? Saruji iliyolazwa kwenye sakafu yenye unyevu bila mbao chini huganda ndani ya mfuko, na hasara hiyo humfanya ahame hata kama bei ni nzuri. Nenda ukapime kwa futi, upige picha za paa kutoka ndani mchana ili matundu yaonekane, uhifadhi. Mteja akipiga simu, una majibu.

Mkandarasi mdogo wa reli akitaka nyumba, omba barua ya kampuni, TIN, na jina la mwenye mamlaka ya kusaini. Kodi ilipwe mbele, miezi sita au mwaka, notisi ya miezi miwili, amana ya mwezi mmoja kwa uharibifu, na orodha ya vitu vya ndani yenye picha za tarehe ya kukabidhi. Mwenye nyumba asikope ajenge ya pili kwa sababu ya mpangaji huyo. Mambo mengine mawili hukwamisha mikataba ya kampuni dakika za mwisho. La kwanza ni dola: tangu kanuni za Machi 2025 za matumizi ya fedha za kigeni, bei za bidhaa na huduma za ndani hutangazwa na kulipwa kwa shilingi, basi futa dola kwenye matangazo yako yote. La pili ni kodi ya zuio. Kampuni inapolipa pango hukata asilimia 10 na kuipeleka TRA, kwa hiyo nyumba ya 500,000 humfikia mwenye nyumba 450,000. Mwambie kabla hajasaini, na umdaie kampuni cheti cha kodi iliyozuiwa.

Kurukwa, yaani mteja kukuzunguka na kwenda kwa mwenye nyumba, kuna dawa, ila tuseme ukweli kwanza: mara nyingi anayerukwa ni aliyeweka cha juu. Mwenye nyumba kasema 300,000, dalali kasema 350,000, mteja kaja kujua. Hapo hata mteja mwaminifu atatafuta namba ya mwenye nyumba. Bei iwe moja, udalali wako ujulikane, uandikwe.

Kisha tumia karatasi mbili. Ya kwanza ni makubaliano na mwenye nyumba, ukurasa mmoja: nyumba ipi, bei gani, udalali kiasi gani na nani anaulipa, wewe peke yako kwa siku 60, na kifungu kwamba mteja yeyote uliyemtambulisha akipanga au kununua ndani ya miezi sita, udalali wako upo palepale hata kama siku 60 zimepita. Kifungu hicho ndicho kinachokulinda, kwa sababu wanaokuzunguka husubiri muda uishe. Ya pili ni fomu ya kuonyesha: jina la mteja, simu, tarehe, nyumba alizoona, sahihi. Jioni hiyo hiyo mtumie mwenye nyumba ujumbe: "Leo nimemleta fulani, simu inayoishia na kadhaa." Ujumbe huo una tarehe na saa, na ukifika kwa mwenyekiti wa mtaa au mahakamani una la kuonyesha. Mwenye nyumba atakubali siku 60 za peke yako kama nawe unampa kitu: picha zinazoeleweka, bango, na taarifa kila Jumamosi ya nani ameona na kwa nini hakuchukua.

Wako pia wenye nyumba wanaoishi Dar au Mwanza na hawana mtu wa kuziangalia. Waombe kazi ya usimamizi kwa asilimia fulani ya kodi kila mwezi: kukagua, kusimamia fundi, kulipia kodi ya ardhi, kutuma risiti. Kodi ya mpangaji iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, isipitie kwenye simu yako hata siku moja. Nyumba kumi za namna hiyo zinakulipa hata mwezi ambao hujafunga kitu.

Kwenye viwanja hofu yako ni ya haki, na utaratibu wake ni mrefu kidogo. Anza na karatasi kabla ya kumpeleka mteja uwandani. Chukua nakala ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi rasmi kwa msajili kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Utapewa namba ya malipo, na majibu yataonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu, na muda wa hati uliobaki. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Halafu deni la kodi ya ardhi. Halafu mwenzi: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, na ridhaa iandikwe mbele ya wakili, "mama anajua" haitoshi. Mmiliki akiwa marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Kaka mkubwa kuwa mkubwa hakumpi mamlaka hayo, na kesi nyingi za ardhi huanzia hapo.

Uwandani nenda na mpima, siyo na muuzaji peke yake. Bikoni, yaani alama za mpaka, huhamishwa, na pengine kiwanja unachoonyeshwa ni cha jirani. Ongea na majirani wa pande zote. Kiwanja kisichopimwa kinauzika, ila mnunuzi aambiwe kwa maandishi kwamba benki nyingi hazitakipokea kama dhamana, na majirani wasaini pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Ukivuka mpaka wa manispaa, uliza kwanza kama ni ardhi ya kijiji, maana huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa neno halmashauri ya kijiji.

Uhamisho wa chenye hati hupita kwenye Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, inayolipwa kabla ya jina kubadilishwa. Kubalianeni mapema nani analipa nini. Mauzo mengi hukwama hapo pesa ikiwa imeshatoka. Pesa yenyewe ipite benki.

Vya ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shika tepu upime mwenyewe, ukikumbuka kwamba Tanganyika lilipanda sana miaka ya karibuni na maji yakaingia kwenye majengo ya Kibirizi na Ujiji. Mita 60 za kiangazi cha zamani huenda leo ni arobaini. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za jirani, ndiyo shahidi asiye na maslahi. Mteja wa Dar akisema anataka "maji yaguse ngazi", mwambie hapana, na umtafutie cha mlimani chenye mwonekano wa ziwa.

Vya stesheni: usitamke neno "karibu na stesheni" bila mchoro kutoka ofisi ya mipango miji. Hifadhi ya reli na ya barabara haziuzwi. Kwenye barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Hatari kubwa zaidi ni ardhi iliyokwisha kuthaminiwa kwa fidia. Muuzaji ameshasaini fomu, anasubiri hundi, na hapo katikati anamuuzia mgeni. Uliza mtaa mzima kama wathamini walipita, angalia namba zilizopakwa rangi kwenye ukuta au mti, kisha ulizia jina la muuzaji kwa ofisa ardhi.

Kuhusu rafiki yako wa Bujumbura, ofisi ya pamoja haiwezekani. Amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara imetaja udalali wa biashara na wa nyumba na ardhi, na Mtanzania anayemsaidia asiye raia kuifanya naye ana kosa. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina lako, chukua TIN na leseni ya halmashauri. Wafanyabiashara anaowajua wanaweza kupanga ghala kwako kama wateja, kila mmoja na kibali chake cha ukaazi, nakala ubaki nayo, na jina liingie kwenye daftari la wakazi la mtaa siku anayokabidhiwa funguo. Viwanja usiwauzie, asiye raia hamiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake, na kumwandikia kwa jina lako "kwa muda" ni njia ya haraka ya kupoteza kiwanja, rafiki na leseni.